Vijiko Viwili na Tairi Ngumu

Nilikuwa mtu wa kushuku kabla sijaolewa Bungoma, kwa hivyo nisiisingizie ndoa. Nimezaliwa upande wa Kitale, kwa watu waliotoka pande za Mlima Kenya wakanunua shamba Trans-Nzoia, na kwetu mlango ulifungwa komeo hata mchana. Siku ninaolewa mama alinivuta nyuma ya jikoni akaniambia, "Huko uendako watu ni wazuri sana. Lakini chumvi yako iweke mahali unaiona." Huo ndio ulikuwa wosia wote. Dada zangu wao walipewa vyombo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fomu foo nimemaliza, nina msichana wa mwaka mmoja na miezi miwili, na nina kazi. Usiidharau hiyo kazi. Serikali ilikuwa imetangaza masomo ya bure majuzi tu, kila mzazi akataka wake aanze mapema, na shule moja mbele ya Kibabii ilikuwa na watoto wengi wa chekechea hadi wengine wakakalia matofali. Walinichukua kusaidia darasa hilo kwa majaribio. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye kuvaa saa ya kiume, aliniambia nikimaliza muhula bila lawama ataniandikia barua ya kwenda kusomea ualimu wa watoto wadogo. Bila hiyo barua nilikuwa nabaki nyumbani kwa mama mkwe kumwomba sabuni. Sabuni, na vingine ambavyo mwanamke hafai kumwomba mama mkwe. Mume wangu alikuwa Kitale, anafanya kazi kwenye stoo ya mahindi, anakuja wikendi akipata nafasi.

Kutoka nyumbani hadi shule ni kilomita saba. Nilikuwa na baiskeli, ile ya kike isiyo na chuma cha katikati, zawadi ya baba yangu. Watu wa pale walizoea mwanamke akae kwenye keria, miguu upande mmoja, mwanamume akanyage. Mimi nilikanyaga mwenyewe. Walitazama, wakachoka, wakaacha kutazama.

Shida ilianza nilipobadilisha tairi ya nyuma. Ya zamani ilikuwa imeisha hadi nyuzi zinaonekana. Mume wangu akanunua mpya Kitale, akaituma na dereva wa lori la mahindi. Tairi nene, ngumu, inanuka duka. Nikaipeleka kwa fundi wa pale njia panda, kijana mmoja aliyekuwa na mdomo mwingi kuliko vyombo.

"Niaje madam," akasema, akiigeuzageuza. "Hii ulinunulia baiskeli ama trekta?"

"Weka."

"Naweka. Naulizia tu trekta iko wapi."

Kwa wasiojua: ukingo wa tairi una waya ndani yake, na waya hautanuki. Ringi nayo ina midomo iliyosimama pande zote mbili. Kazi ni kuuvusha huo waya juu ya huo mdomo, mzunguko mzima. Robo tatu inaingia vizuri kwa mkono, halafu mwisho kinabaki kipande kama urefu wa viganja viwili ambacho hakitaki kabisa. Fundi alikuwa na vijiko viwili vya chuma, mipini ameiponda kwa nyundo ikawa bapa. Akaingiza kimoja, akakilalia kwa goti, akaingiza cha pili, akavuta hadi shingo ikamtoka mishipa. Tairi ikaingia kwa kishindo. Kabla ya hapo alikuwa amezungusha blada ndani ya ringi, ule ukanda wa tubu kuukuu ambao kwetu tunafungia kila kitu, kuku hadi mlango wa choo. Akasema ni ya kuzuia vichwa vya spoku visitoboe tubu. Akapiga pampu. Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Asubuhi tairi ilikuwa imelala. Nilikimbia na kusukuma baiskeli, nikafika shule nimechelewa, saa mbili kasoro. Watoto walikuwa wamemwaga maji ya kunywa na wawili walikuwa wanapigana kwa ajili ya dasta. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akanitazama mimi.

Nikamrudia fundi. Akatoa tubu, akaizamisha kwenye karai la maji, mapovu yakatoka. Tundu dogo sana, kama mpasuko wa ukucha. Nikaliangalia vizuri. Halikuwa upande wa barabara. Lilikuwa upande wa ndani, karibu na ringi.

"Mwiba unaingilia wapi?" nikamuuliza.

"Chini, madam."

"Sasa huu uliingilia wapi?"

Akacheka. "Ni bahati mbaya tu."

"Bahati haina sindano."

Akaacha kucheka. Akaniambia kama sitaki kazi yake nijifanyie. Akaziba, akarudisha tairi kwa vile vijiko, akalalia na goti. Siku mbili baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, tairi chapati. Nikachelewa mara ya pili. Hapo nikajua: huyu anatoboa ili nimrudie. Nikaacha kupita njia panda. Nikawa nazunguka nyuma ya kinu cha posho ili asinione na asinisalimie.

Nikaanza kujifanyia. Solusheni, ile gundi ya tubu, na viraka nilinunua sokoni. Vijiko nilichukua jikoni kwa mama mkwe, viwili, vile vizito vya wageni. Na kwa kuwa sikumwamini fundi, na pia sikuamini blada yake, nikaongeza yangu juu ya yake. Niliikata vizuri kutoka tubu la gari, nikaizungusha, nikaifunga fundo. Tairi sasa ikawa ngumu zaidi. Nilipambana nayo kwenye kivuli cha jikoni, mtoto amekaa kwenye kikapu ananitazama kama anatazama vita. Ikaingia. Vidole vyangu vilikuwa vimechubuka.

Ilikaa siku tatu. Halafu ikalala.

Tundu lingine. Mahali pengine, lakini upande uleule wa ndani.

Mama mkwe alipogundua vijiko alikuja navyo mkononi. "Msichana wa Kitale," akasema. Aliniita hivyo akiwa na neno. "Hivi vijiko vyangu vya wageni vimepinda shingo kama kuku wa Krismasi. Pasta akija atakula wali na nini, na sipana?"

"Nitavinyoosha, mama."

"Nyoosha na hiyo tabia pia. Mwanamke anashinda chini ya baiskeli kama fundi wa njia panda."

Nikamshuku na yeye. Alikuwa hapendi niende kazi, ila tu hakutaka kusema mbele ya mwanawe. Nani alikuwa anabaki nyumbani na baiskeli mchana Jumamosi nikiwa mtoni? Yeye. Nani ana sindano ya kushonea vitambaa? Yeye. Nikaanza kuingiza baiskeli ndani ya nyumba yangu, nikalala nayo chumba kimoja, mimi, mtoto na baiskeli. Bado ikalala. Hapo nikaongeza blada ya tatu, labda ni spoku kweli. Vijiko vikapinda tena. Nikachelewa mara ya tatu.

Mwalimu mkuu alinisubiri mlangoni. "Madam, mimi sina ugomvi na wewe. Watoto wanakupenda. Lakini mtoto wa miaka minne hangojei tairi. Mara ya nne usijisumbue kuingia. Kuna mwingine ameleta barua yake, na anakaa hapa karibu."

Nililia njiani. Si kwa huzuni, kwa hasira.

Sasa nieleze baba mkwe, maana sijamtaja, na sababu ya kutomtaja ni kwamba katika boma lile hatukuwa tunatajana. Ni desturi ya huko: mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, mmoja hampi mwingine kitu mkononi. Ukiwa na neno unalipitishia kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa pale miaka miwili na sijawahi kumtazama uso mzima. Nilimjua kwa mgongo, kofia na kikohozi. Na nilijua kwamba enzi zake alikuwa tarishi, akibeba barua za ofisi kwa baiskeli hadi Ndalu na kurudi. Mtu kama huyo, nilijiambia, anajua tubu inatobolewa wapi.

Kwa nini nilianza kumfikiria? Kwa sababu nilimwona. Kulikuwa na joto wiki hiyo na mtoto alikuwa na mafua, nikaitoa baiskeli nje kwa kuwa harufu ya mpira ilimkohoza. Alhamisi asubuhi, kumekucha kidogo tu, nikafungua dirisha. Baba mkwe amechuchumaa kwenye gurudumu langu la nyuma. Mgongo ameniwekea mimi. Mikono haionekani. Nikasikia psss. Sauti ya upepo ukitoka. Akasimama, akaficha kitu ndani ya koti, akaenda zake pole pole kama mtu aliyetoka kukojoa.

Niliganda pale dirishani. Alipoingia nyumbani kwake nikatoka, nikabonyeza tairi. Ilikuwa ngumu. Nikajieleza haraka: hakumaliza, amesikia dirisha. Ama ametoboa tundu dogo la kumaliza upepo polepole, nife njiani. Siku hiyo nilifika shule mapema kabisa na sikumshukuru mtu. Jioni kabla ya kulala nikaibonyeza. Imelala.

Basi. Nilikuwa na mtu.

Ijumaa ningeweza kuamka saa kumi na moja nikaenda shule kwa miguu. Ningefika. Najua hivyo leo, na nilijua hivyo siku ile. Lakini hasira ilikuwa imenipanda hadi kwenye meno. Nikamtuma mtoto wa jirani anayesoma pale akaseme binti yangu ni mgonjwa, nikamwacha binti mwenyewe, mafua yameshaisha, kwa mama mkwe, nikapanda gari hadi Kitale.

Mume wangu alikuwa kwenye stoo, mweupe kwa vumbi la mahindi hadi kwenye kope. Alifikiri kuna kifo.

"Baba yako anatoboa tairi yangu."

Alikaa kwenye gunia. "Rudia."

Nikarudia. Nikamwambia na psss, na koti.

"Mzee wangu," akasema. "Huyo mzee. Anaamka alfajiri kutoboa tubu ya mke wangu."

"Nimemwona."

"Uliona sindano?"

"Niliona mgongo."

"Si kila mtu ana mgongo, mama?"

"Na hii tairi ngumu nani alinunua?" nikamuuliza, maana njiani nilikuwa nimemshuku na yeye pia. Alikuwa amesema mara mbili nihamie Kitale niache hiyo kazi. "Zilikuwa ngapi dukani ukachagua hii isiyoingia?"

Wenzake wawili waliokuwa wanashona magunia waliacha kushona. Mume wangu akasimama akajipangusa. Hakuinua sauti, na hiyo ndiyo mbaya kwake.

"Kesho nakuja. Utasema hayo maneno pale nyumbani, mbele yake. Ukiwa na haki nitahamisha wewe na mtoto na baiskeli yako. Ukiwa umekosea, utakaa hapohapo umekosea."

"Nitasema mbele ya mtu yeyote," nikamjibu.

Jumamosi saa nne tukaketi nje. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, ameelekeza uso kwenye ghala la mahindi, si kwangu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, hatua kumi hivi. Katikati mume wangu, na mama mkwe na mtoto kwenye mapaja. Baiskeli tulikuwa tumeisimamisha kichwa chini katika uwanja, imekaa kwa kiti na usukani, gurudumu la nyuma limelala vilevile kama nilivyolikuta Alhamisi.

Mume wangu akaeleza. Alieleza kwa adabu hadi ikaonekana ni kama anasimulia habari za kijiji kingine. Alipomaliza, mama mkwe akapiga makofi mara moja. "Sasa tumefika," akasema. "Tumekuwa wachawi wa baiskeli."

Baba mkwe alikohoa.

"Mjukuu wangu," akaliambia ghala. "Mwulize mama yako, ndani ya hiyo ringi ameweka blada ngapi."

Sisi wote tukamtazama mtoto. Alikuwa amelala fofofo, ute unamtoka.

"Amelala," mama mkwe akasema.

"Haidhuru. Mwulize."

Mume wangu akanipa jicho. Nikamwambia mtoto, hatua kumi, "Mwambie kuka ni tatu." Kuka ni babu kwa lugha yao.

"Tatu," mume wangu akarudia, kama mtoto angesema hivyo.

"Mwambie mama yako atoe tairi, atoe na hizo blada mbili za juu. Abaki na moja, ile nyembamba."

Nikatoa. Nilitoa kwa ubishi, nikizitupa chini moja moja wazione. Bado nilikuwa naamini nitashinda.

"Mjukuu wangu, mwonyeshe mama yako katikati ya ringi. Kuna mfereji. Aliyeitengeneza hakuuweka kwa urembo. Waya wa tairi hautanuki, lakini ukiuzamisha kwenye mfereji upande huu, unapata nafasi upande ule. Sasa yeye mfereji ameujaza mpira. Waya uzame wapi? Haukuzama. Kwa hivyo hana nafasi. Mtu asiye na nafasi anachukua kijiko."

Mume wangu akainama kuuangalia mfereji.

"Na kijiko kikiingia mahali pamebana, kinabana tubu na ringi. Kinaiuma. Leo haionekani, kesho upepo umeisha. Mwulize kama matundu yote hayakuwa upande wa ndani. Mwulize kama kila akiongeza blada, tairi haikuwa ngumu zaidi."

Nilishika ringi kwa mikono miwili. Mfereji ulikuwepo. Kidole changu kiliingia ndani yake vizuri. Wiki sita nilikuwa naujaza.

"Na psss?" mume wangu akauliza, polepole.

"Alikuwa anapiga pampu," mama mkwe akasema, kabla mzee hajajibu. "Pampu yake iko chini ya kitanda changu. Tangu baiskeli ianze kulala nje, kila asubuhi nasumbuliwa, toka, sogeza mguu. Nikimwuliza anasema mama wa mtoto atachelewa. Ukitoa mdomo wa pampu kwenye valvu, hiyo inasema nini? Inasema psss. Wewe ulitaka iimbe?"

Mume wangu aliangalia chini, na mabega yalikuwa yanatikisika. Nilijua anacheka na ningempiga kwa ringi.

Watu wakisimulia mambo kama haya husema wakati huo waliona aibu. Aibu ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa hasira, na kusema kweli haijaisha. Huyu mtu alijua. Tangu wiki ya kwanza alijua, alikuwa anapita pale jikoni ananiona na vijiko, anaona blada zinaongezeka, na anapita. Kazi yangu inaisha mbele yake.

Nikasema, na sikuwa nimepanga, "Mwulize kuka, wiki sita zote, mdomo ulikuwa wapi."

"Adabu," mama mkwe akasema.

Baba mkwe hakugeuka. "Mwambie mama yako kwamba kwao labda baba mkwe anaingia jikoni kumshika mke wa mwanawe mikono, amfundishe kazi. Hapa haingii. Nilimwambia bibi yako amwambie."

Tukamgeukia mama mkwe.

"Nilisahau," akasema. Kisha akaongeza, akimpangusa mtoto ute, "Na vijiko vilikuwa vimenikasirisha."

Hakuna aliyemgombeza. Nilitaka kumgombeza, lakini mzee alikuwa ameshaanza tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeingia kazini.

"Mwambie azibe tundu, halafu atie upepo kidogo kwenye tubu, isimame tu, isijae. Tubu iliyolala inajikunja, inakaa mahali pa kuumwa."

Nikaziba, nikatia.

"Aingize upande mmoja wa tairi wote. Halafu tubu, aanze na valvu. Sasa upande wa pili. Asianzie kwenye valvu. Aanze mkabala na valvu, amalizie kwenye valvu. Penye valvu tubu ni nene, waya hauzami hapo, kwa hivyo hapo pasije pakawa mwanzo."

Mimi siku zote nilianza kwenye valvu. Nilidhani ndio mlango.

"Mikono miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia, wapande pamoja. Kila akisogea abane tairi katikati, waya uanguke mfereji. Asiharakishe. Anapanda na ile nafasi, anaisukuma mbele yake, kama mtu anayefukuza unga wa mwisho kwenye gunia."

Nilifanya. Nilifika kwenye kile kipande cha mwisho, viganja viwili, na kikakataa kama kawaida yake. Mkono wangu wenyewe ukanyooka kutafuta kijiko.

"Mwambie aache kijiko."

Hakuwa ananitazama. Sijui alijuaje.

"Arudi chini, alikoanzia. Abane tena mzunguko mzima. Kuna mahali waya umepanda tena juu."

Nikarudi. Ni kweli, chini kule waya ulikuwa umepanda. Nikaubana, nikapanda tena na mikono yangu, polepole, na mama mkwe bila kuambiwa akamwaga maji ya sabuni kwenye ule ukingo, kutoka kwa beseni la vyombo, huku amempakata mtoto kwa mkono mwingine. Nikaweka vidole gumba vyote viwili. Haikwenda. Nikabadilisha nikaweka sehemu nene ya kiganja, ile karibu na kifundo, nikaviringisha tairi kuelekea juu badala ya kuisukuma.

Ikaingia bila kishindo. Iliingia kama mtoto anavyoingiza mguu kwenye soksi.

"Mwambie asipige pampu kwanza," baba mkwe akasema. "Asukume valvu juu, ndani, halafu aivute. Kama tubu imelala chini ya waya, itatoka. Azunguke aangalie pande zote, tubu isichungulie. Ndipo apige."

Nikafanya hivyo, nikapiga. Mume wangu alitaka kunisaidia pampu, nikamwambia aondoe mkono. Tukala chakula cha mchana. Msamaha sikuomba siku hiyo. Nilipeleka chai kwa baba mkwe kupitia kwa mume wangu na nilitia sukari nyingi. Huko kwetu hiyo inasomeka.

Jumapili sikuigusa baiskeli, niliibonyeza tu. Ngumu. Jumatatu ngumu. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu na nilipita njia panda mchana peupe. Fundi akaniinulia mkono, nikamwinulia wangu, ingawa kidogo. Nikafika shule kengele haijapigwa.

Kwenye kiti changu kulikuwa na msichana mwingine. Alikuwa ameshika kopo langu la chaki na watoto walikuwa wamemzunguka wakimwonyesha kucha zao.

Mwalimu mkuu alinipeleka kando ya tangi la maji. "Mtoto amepona?"

Nilifikiri kudanganya tena. "Hakuwa mgonjwa."

"Najua. Mzazi mmoja alikuona stendi Ijumaa, unapanda ya Kitale." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Ungechelewa ningekugombeza. Ungekuja kwa miguu saa tatu, labda ningekugombeza tu tena, mimi mdomo wangu ni mkali lakini moyo si hivyo. Lakini ulinitumia mtoto aje anidanganye. Mtoto wa shule yangu."

Nikaanza kumweleza blada, mfereji, vijiko. Nilisikia jinsi inavyosikika. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole. Lakini hayo ni ya fundi."

Nilifika nyumbani kabla ya saa tatu. Mama mkwe na mtoto hawakuwepo, walikuwa kwa jirani. Baba mkwe alikuwa peke yake akigeuza mahindi kwenye turubai kwa mguu. Aliona nimerudi. Kwanza aliangalia tairi, kwa mbali. Akakohoa. Akaangalia huku na huku kama anatafuta mtu wa kumpitishia neno, na hakukuwa na mtu, hata mbwa.

"Tairi iko sawa, baba," nikamwambia, yeye mwenyewe, sauti yangu hadi kwake. "Kazi ndiyo imeisha. Ni kwa sababu ya Ijumaa. Nilienda Kitale kukusemea."

Aliendelea kugeuza mahindi. Alienda hadi mwisho wa turubai, akarudi. Nilidhani nimemkosea zaidi kuliko mwanzo, na nikaanza kusukuma baiskeli niende zangu ndani.

"Kanisani wanataka kufungua chekechea," akasema. Alikuwa anayaambia mahindi. "Ile nyumba ya vijana. Mwenyekiti wa kamati tulibeba barua pamoja. Kesho asubuhi wanakutana."

Nilisimama pale na maswali. Kwa nini ananiambia leo? Amejua tangu lini? Huyo mwenyekiti anamdai nini, ama yeye ndiye anadaiwa? Au ni mama mkwe anataka niwe karibu, kanisani, mahali ananiona? Niliyapanga yote kichwani, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa na akili.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa mbili."

Jumanne nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikamfunga mtoto mgongoni, maana sikutaka kumwachia mtu, nikaenda.